Mrejesho: "unused", "disused" na "misused"

Wenzangu nimerudi, mimi ndo yule nloulizia tofauti ya maneno ya Kiingereza "unused", "disused" na "misused" kwa kuwa natembeza wageni hapa Unguja. Ile reli ya zamani ya Bububu, ya 1905, nlikuwa naiita "unused", kumbe nawaambia watu haijatumika hata siku moja na treni ilikuwa ikipita pale, hata mgeni mmoja akaniuliza basi ilijengwa ya nini! Sasa nasema "disused", yaani ilitumika kisha ikaachwa. "Misused" nyepesi, kitu kimetumiwa vibaya. Jana nimeitamka hiyo "disused" sawasawa mbele ya wageni, na alonipa mfano wa "unused", sahani mpya iliyokaa kabatini haijatumika bado, ahsante sana ndugu yangu, ule ndo ulonifungua.