Binti yuko Kidato cha Tano Tanga: ajiandae na SAT sasa, au asubiri matokeo ya Kidato cha Sita?

Mzazi wa Makorora

Assalaam aleikum wanajukwaa, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni mzazi, mkazi wa Makorora hapa Tanga mjini. Binti yangu anasoma Kidato cha Tano, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), katika shule ya bweni ya serikali, na Kidato cha Nne alipata daraja la kwanza. Tangu aliporudi likizo ya Desemba habari yake ni moja tu: anataka kuomba nafasi ya masomo pamoja na ufadhili katika vyuo vya Marekani, na ameshajua kwamba baadhi ya vyuo hivyo vinadai alama za mtihani wa SAT. Simkatazi. Lakini mama yake ana hofu ambayo na mimi naiona ina uzito, kwamba akianza kushika mitihani miwili kwa pamoja atauharibu ule wa Kidato cha Sita wa Baraza la Mitihani, ambao ndio wa uhakika kwetu.

Naomba kueleweshwa. Je, SAT inahitaji masomo mapya kabisa, au mwanafunzi wa PCM anaweza kujiandaa wakati wa likizo? Je, aombe vyuo akiwa bado Kidato cha Sita, au asubiri matokeo yatoke mwezi Julai ndipo aanze? Na je, ipo haja ya kumlipa wakala? Yuko mmoja hapa mjini aliyeniambia kwamba nikimlipa nusu ya fedha kabla, mtoto atapata ufadhili bila shaka yoyote. Kiasi chenyewe sikitaji hapa, ila kinazidi ada zote nilizowahi kulipa.

Mwalimu wa Hisabati, Chumbageni

Waaleikum salaam, mzazi mwenzangu. Nafundisha hisabati sekondari hapa hapa Tanga, na wapo wanafunzi niliowasaidia kujiandaa kwa mtihani huo, kwa hiyo nitajibu swali la kwanza na kuwaachia wengine hayo ya maombi.

Kwa mwanafunzi wa PCM, hisabati ya SAT si kikwazo. Inahusu aljebra, uwiano na asilimia, takwimu, jiometri na trigonometria, na mengi ya hayo ameyasoma kufikia Kidato cha Nne. Kalkulasi inayomtoa jasho sasa haimo. Kinachowatatiza vijana wetu ni mwendo. Wamezoea mtihani wa Baraza ambao msahihishaji humpa mtahiniwa alama kwa hatua alizopita hata kama jibu la mwisho limekosewa, ilhali SAT haisomi hatua, inasoma jibu. Maswali ni 44 kwa dakika 70, mengi ya kuchagua na machache ya kuandika jibu mwenyewe. Kikokotoo kinaruhusiwa muda wote, na kimo ndani ya programu yenyewe ya mtihani. Jibu lisilo sahihi halikatiwi alama, kwa hiyo swali la kuacha tupu halipo.

Penye kazi ni Kiingereza. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, na kila swali lina kifungu chake kifupi, kingine cha sayansi, kingine cha historia, kingine cha fasihi, huku mtahiniwa akitakiwa kutambua hoja ya mwandishi, ushahidi unaoiunga mkono, au alama ya uandishi inayofaa kati ya sentensi mbili. Ni kweli kwamba sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, lakini kijana aliyezoea kunakili notisi ubaoni hajazoea kupima maneno ya mtu. Dawa yake si masomo ya ziada ya jioni. Dawa ni kusoma vitabu na majarida mfululizo, na kwa hili maktaba ya mkoa hapa mjini inatosha kabisa kuanzia. Faida haitapotea hata asipofanya SAT, kwa sababu karatasi zake za Fizikia na Kemia nazo zinaandikwa kwa lugha hiyo hiyo.

Jambo moja zaidi, ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Kwa watahiniwa wa nje ya Marekani SAT imekuwa ya kompyuta tangu Machi 2023. Kila somo limegawanywa mara mbili, na ugumu wa nusu ya pili hutegemea alivyofanya nusu ya kwanza. Anayefanya vibaya mwanzoni hupewa maswali mepesi, na kwa maswali hayo hawezi kufika alama za juu, ambazo kikomo chake ni 1600. Programu yake inaitwa Bluebook, ni ya bure, na ndani yake kuna mitihani kamili ya majaribio. Haifanyi kazi kwenye simu. Atahitaji kompyuta au kishikwambi cha iPad, na mwenye kukosa anaweza kuomba kuazimwa kifaa anapojisajili, mradi aombe mapema. Mazoezi mengine ya bure yapo kwenye tovuti ya Khan Academy.

Mimi ningempangia hivi: likizo ya Juni, kati ya Kidato cha Tano na cha Sita, aitumie kwa SAT, afanye mtihani Agosti au Oktoba, kisha asiuguse tena. Mwaka ukianza kuna mtihani wa utamilifu, na mtihani wa Baraza wa Mei ndio huo.

Mhitimu wa Tanga, sasa yuko Marekani

Shikamoo baba. Shikamoo mwalimu.

Nilisoma Tanga hadi Kidato cha Sita na sasa niko chuoni huku. Naomba nianze na kalenda, kwa sababu SAT ni mtihani wa saa mbili na dakika kumi na nne tu, lakini kalenda ndiyo inayowaangusha wengi wetu.

Vyuo vya huku huanza masomo Agosti au Septemba, na maombi yake hupokelewa karibu mwaka mzima kabla. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, Common App, hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Maombi ya awali hufungwa mara nyingi tarehe 1 Novemba, na yale ya kawaida mwanzoni mwa Januari, kisha majibu hutoka hadi mwishoni mwa Machi. Maana yake ni kwamba binti akiomba akiwa Kidato cha Sita, chuo kitaamua kabla hajakaa kwenye chumba cha mtihani wa Baraza. Watakachokiona ni ripoti zake za shule za miaka minne ya mwisho, matokeo ya Kidato cha Nne, alama ambazo walimu wanatarajia atazipata, SAT, barua za walimu na insha ya maneno yasiyozidi 650. Matokeo ya Julai huyapeleka baadaye kuthibitisha.

Kwa hiyo zile ripoti za muhula ambazo huko nyumbani tunazisoma na kuzitupa droo, ndizo zinazompeleka mbele ya kamati. Kama kuna iliyopotea, aifuatilie kwa mwalimu wa taaluma sasa.

Kuhusu fedha, baba, ada ya SAT kwa mtahiniwa wa nje inazidi dola 100, na msamaha wake kwa kawaida hautolewi kwa sisi wageni. Ada za kuomba vyuo ni tofauti. Hizo vyuo vingi husamehe mwanafunzi akiomba na kueleza hali ya nyumbani. Si kila chuo kinadai SAT. MIT iliirudisha mwaka 2022, na Harvard, Yale, Dartmouth na Brown zikatangaza kuirudisha mwaka 2024, lakini vipo vyuo vingi vinavyomwachia mwombaji achague kutuma alama au kutotuma. Zaidi ya SAT ni swali la nani anamlipia mgeni. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vyuo vichache ambavyo haviangalii uwezo wa kifedha wa mwombaji wa kigeni wakati wa kumkubali, na vikimkubali vinaziba pengo lote la ada kwa kadiri familia ilivyo. Vyuo vingi vingine vinautazama uwezo huo, yaani kuhitaji fedha nyingi kunampunguzia mtu nafasi. Achague orodha yake akilijua hilo. Ataulizwa pia kipato cha wazazi, na kama kazi yenu haina hati ya mshahara, andaeni mapema maelezo ya mapato na barua ya serikali ya mtaa.

Huyo wakala mwacheni. Hakuna mtu nje ya chuo mwenye uwezo wa kumhakikishia mwombaji ufadhili. Ushauri hutolewa bila malipo na EducationUSA, ofisi iliyo chini ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na wanajibu pia kwa barua pepe.

Mstaafu wa Raskazone

Nimesoma maelezo ya vijana hawa na ni mazuri, ila naomba niseme upande ambao haujasemwa. Vyuo vilivyotajwa hapo juu hupokea maombi kutoka dunia nzima na kuwakataa wengi wenye alama za juu kabisa. Mzazi asije akaweka matumaini yote huko, akasahau kwamba matokeo ya Kidato cha Sita nayo yana ufadhili wake hapa nchini. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 serikali inatoa Samia Scholarship kwa wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi na kudahiliwa katika vyuo vya Tanzania, na mtoto wa PCM yumo katika kundi hilo. Ukiacha huo, ipo Bodi ya Mikopo. Mambo yote mawili yanaanzia kwenye alama za Mei, si za SAT.

Ndiyo maana mimi ningemshauri afanye mtihani wa Baraza kwa utulivu, aende Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na wenzake, apokee matokeo, adahiliwe hapa nchini, kisha kama bado ana nia aombe huko nje akiwa chuoni. Hapo mzazi hana cha kupoteza.

Mhitimu wa Tanga, sasa yuko Marekani

Shikamoo mzee. Kuhusu ufadhili wa nyumbani nakubaliana nawe kabisa, ila hatua ya mwisho ina mtego. Mwanafunzi akishaanza shahada huko nyumbani, vyuo vingi vya huku havimhesabu tena kuwa mwombaji wa mwaka wa kwanza. Anawekwa katika kundi la wanaohama chuo, ambalo lina nafasi chache, na kwa mgeni anayehitaji fedha mlango wake huwa mwembamba zaidi. Anayetaka kuomba baada ya matokeo anaruhusiwa, na wengi hufanya hivyo, lakini inabidi akae mwaka huo bila kuanza chuo kingine. Hasara ipo kwa upande wowote utakaouchagua, kwa sababu mwaka huo ndio ambao Bodi na vyuo vya nyumbani vinadahili kundi lake.

Na JKT nayo ihesabiwe. Vijana huitwa kambini mara tu baada ya mtihani, wakati matokeo hutoka Julai na dirisha la udahili wa vyuo vya nchini hufunguliwa katika kipindi hicho hicho. Mwenye maombi ya pande mbili ampe mzazi au ndugu anayemwamini nywila na nakala za vyeti vyake kabla ya kuondoka.

Mzazi wa Makorora

Nawashukuru sana, mwalimu, mzee wangu na wewe mwanangu. Tumezungumza nyumbani na mama yake ametulia baada ya kusomewa mpango wa mwalimu. Tumekubaliana kwamba atafanya SAT mwezi Agosti, ataomba vyuo vichache tu akiwa Kidato cha Sita, na wasipomkubali ataendelea na vyuo vya hapa bila kukaa mwaka mzima akisubiri. Wakala nimemwambia hapana.

Nina swali dogo. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina mawili, na matokeo ya Kidato cha Nne yana matatu, tena jina langu limeandikwa kwa herufi tofauti. Je, hilo lina shida?

Mwalimu wa Hisabati, Chumbageni

Lina shida, na ni vizuri umeuliza sasa. Majina atakayojisajilia SAT lazima yafanane na yaliyo kwenye kitambulisho chenye picha atakachoonyesha siku ya mtihani, na kwa mtoto anayetarajia kusafiri kitambulisho hicho ni bora kiwe pasipoti, ambayo nayo hutolewa kwa kufuata cheti cha kuzaliwa. Kwa kuwa cheti cha Kidato cha Nne ndicho kitakachomfuata kila mahali, nendeni RITA, ofisi ya usajili wa vizazi, mkaulize utaratibu wa kukifanya cha kuzaliwa kifanane nacho. Bodi ya Mikopo nayo inadai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, kwa hiyo safari hiyo mngeifanya hata kama SAT isingekuwepo.

Usajili wa SAT ndio unaoonyesha vituo vyenye nafasi, nazo huisha mapema, kwa hiyo tengeni nauli ya kwenda nje ya mkoa na malazi ya usiku mmoja. Na kabla shule haijafungwa Juni, binti aonane ana kwa ana na walimu wawili wanaomjua darasani, mmoja wa sayansi na mwingine yeyote anayeandika vizuri, awaombe barua na kuwaachia karatasi moja yenye mambo aliyoyafanya. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hawezi kukumbuka kwamba ni yeye aliyekuwa akiwafundisha wenzake logarithimu usiku bwenini. Asipoambiwa ataandika kwamba ana tabia njema na anawahi namba, na barua ya namna hiyo haitamsaidia kitu.