Je, kuiongezea nguvu Subaru STI ya 2007 kuna faida kwenye barabara zetu?

Bonde_la_Ufa (Nakuru):
Hamjambo wadau. Ninamiliki Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2007, ya soko la Japani, yenye injini ya lita 2.0 na tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambayo haijafanyiwa lolote ila huduma za kawaida. Nimetenga shilingi 300,000. Fundi mmoja ameniahidi kwamba akibadilisha ekzosi kuanzia kwenye tabo hadi nyuma, akafunga chujio kubwa la hewa na kuandika upya programu ya kompyuta ya injini, gari litazipita kwa mbali nguvu za farasi 280 lilizotoka nazo kiwandani. Mimi husafiri hadi Kisumu karibu kila wiki mbili kupitia Mau Summit na Kericho. Je, pesa hizo zitanifaa, au nitakuwa nimenunua kelele?

Dala86 (Kisumu):
Kelele niliinunua mimi, ndugu yangu. Langu ni Toyota 86, ambalo halina tabo, nami nililifungia chujio na ekzosi nikiamini kila nilichoambiwa. Nilipopima muda wa kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, kwa gia ya tatu, kwenye kipande kile kile cha barabara karibu na Ahero, tofauti ilikuwa ndogo kuliko ile niliyoipata baada ya kumteremsha abiria mmoja. Injini isiyo na tabo huivuta hewa iliyopo tu, na huko kwenu Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Hakuna chujio litakaloirudisha. Lako lina tabo, kwa hiyo fundi wako hakudanganyi moja kwa moja.

Fundi_Flamingo (Nakuru):
Hadanganyi, lakini kuna mambo ambayo hajakueleza. Tabo hufidia wepesi wa hewa ya huku juu kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na kadiri inavyozunguka ndivyo hewa inayoingia kwenye injini inavyopata joto. Ukiipa ekzosi pana bila kurekebisha programu, shinikizo la hewa inayosukumwa na tabo linaweza kupanda kupita kiwango kilichowekwa, kwa sababu vali ya kulipunguza huenda isiweze tena kuupitisha moshi wote pembeni. Zaidi ya hayo, gari lako liliundwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo huuzwa ikiwa na oktani 100 (kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kulipuka yenyewe), na petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo. Mambo hayo yakikutana, injini huanza kugonga, yaani sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na dereva mwenye redio huenda asisikie kitu.

Niliwahi kuletewa gari kama lako, mwenyewe akilalamika tu kwamba linakula oili. Tulipopima kompresheni, yaani shinikizo linalojengeka ndani ya kila silinda, silinda tatu zilisoma karibu 140 na ya nne ikasoma 60. Pistoni ilikuwa imemeguka katikati ya mifereji ya pete, na kipande chake kilienea kwenye ukucha wa kidole cha mwisho. Gharama ya kuifungua na kuijenga upya injini hiyo ilizidi bajeti yako yote.

Kwa hiyo, pima kompresheni kwanza. Programu iandikwe na mtu atakayeipima injini ikifanya kazi huku Nakuru, kwa petroli unayoinunua huku Nakuru, si mtu wa kukupakulia faili iliyotengenezwa kwa gari jingine.

Mteremko_wa_Kericho:
Naomba kuuliza jambo ambalo hakuna aliyelitaja: breki zake zikoje? Kutoka Kericho kushuka hadi Awasi unakanyaga breki mara nyingi ukiwa nyuma ya malori, na mafuta ya breki ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi yakishafyonza unyevu. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni. Tairi nzuri, pedi na mafuta mapya havitamaliza hata nusu ya pesa zako. Halafu, hata kwenye barabara kuu kikomo hakizidi kilomita 110 kwa saa, na gari lako hukifikia bila jasho. Pia iarifu kampuni yako ya bima kabla ya kubadilisha chochote.

Bonde_la_Ufa (Nakuru):
Ahsanteni sana. Nimemwambia fundi asubiri, naye hakufurahi. Jumamosi nitapima kompresheni. Jioni hii nilifungua kifuniko cha mafuta ya breki nikayachungulia: ni meusi kama chai ya rangi, na sikumbuki yalibadilishwa lini.