Naomba ushauri: wanafunzi wanakokotoa saketi vizuri, lakini swali lisilo na namba linawashinda

Mwalimu wa Umeme:
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha saketi mwaka wa kwanza wa uhandisi, na darasa langu linatatua milinganyo ya Kirchhoff (ya mkondo na volti katika saketi) bila taabu. Hivi karibuni niliwauliza hivi: balbu tatu zinazofanana zimeungwa mfululizo kwenye betri, kisha waya mnene unaunganishwa kutoka ncha moja ya balbu ya tatu hadi ncha yake nyingine, mwanga wa zile mbili utakuwaje? Wengi waliandika kwamba hautabadilika, "kwa sababu betri ni ileile". Nitapimaje uelewa wa aina hii katika darasa kubwa, ambalo siwezi kuwahoji wanafunzi mmoja mmoja?

Mzee wa Maabara:
Mwalimu, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikumbana na hali kama hiyo, tena kwa swali la balbu. Kwa somo lako lipo jaribio la kupima uelewa wa saketi, la watafiti Engelhardt na Beichner la mwaka 2004, lenye maswali 29 ya kuchagua. Litoe kabla ya kufundisha na ulirudie mwishoni, kwa sababu alama ya mwisho peke yake haionyeshi mwanafunzi alianzia wapi. Mwanafizikia Hake, aliyekusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa mekanika mwaka 1998, aliona kwamba madarasa ya mihadhara mitupu yalipata wastani wa asilimia 23 ya ongezeko lililowezekana (yaani nafasi iliyobaki kutoka alama ya mwanzo hadi alama zote), na yale ya majadiliano asilimia 48.

Binti Fizikia:
Kwa heshima, Mzee wangu, herufi iliyozungushiwa duara inaweza kuwa ya kubahatisha. Mimi ningedai sentensi mbili za sababu chini ya kila jibu, na ningeruhusu ziandikwe kwa Kiswahili, maana Kiingereza kibovu huficha fikra nzuri. Hilo jibu la "betri ni ileile" ni dhahabu: linaonyesha kwamba wanadhani betri hutoa mkondo uleule daima. Lifanye kuwa mojawapo ya machaguo, kisha waambie wakokotoe kwa betri ya volti 12, waone kila moja ya zile balbu mbili ikipanda kutoka volti 4 hadi 6, kwa kuwa waya unaipita ya tatu.

Mwalimu wa Umeme:
Ahsanteni sana. Je, jaribio la mwanzo nilipe alama?

Mzee wa Maabara:
Toa alama ndogo ya kushiriki tu. Ukitoa alama kwa usahihi wa majibu, watakariri.