Naomba ushauri: umeme ukikatika, samaki wangu wanakosa hewa

Wakuu, habari zenu. Nina tangi la lita 200 sebuleni, lina samaki wa Ziwa Tanganyika. Juzi umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi nikakuta watano wamekufa, wengine wanahema juu ya maji. Imeniuma sana, maana nimewalea tangu wakiwa vifaranga.

Pampu ya hewa inakula wati 5 tu. Betri ya volti 12, Ah 20 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachotunza), hata nikitumia nusu yake, naona itaisukuma saa 20 hivi. Je, nichukue inveta ndogo (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), au pampu ya volti 12 inayofungwa moja kwa moja kwenye betri? Na chujio likilala saa nyingi bila maji kupita, nilioshe kwanza kabla ya kuliwasha? Nahofia uchafu uliooza humo usije ukawamaliza waliobaki.