Nimelipa 1,920,000 kwenda Kilwa Kisiwani, nimeonyeshwa magofu kwa dakika 50

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikichanganya mambo. Nilishaamua yapite. Sasa leo asubuhi kampuni ile ile imenitumia ujumbe kwenye simu: mteja wetu mpendwa, karibu tena Kilwa, ofa ya msimu. Nikasema hapana, hili liende jukwaani.

Jina la kampuni sitalitaja, msinichimbe. Jueni tu kwamba ni ya hapa hapa Dar, ina ofisi yenye kiyoyozi na kalenda nzuri ukutani.

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa historia. Amefundisha sekondari miaka 31, Tabora na baadaye Morogoro. Amechora ramani ya Kilwa na Sofala, ile bandari ya kale ya Msumbiji, ubaoni mara ngapi sijui, dhahabu ikishuka kutoka bara, majahazi yakija na pepo za kaskazi, lakini mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kilwa hata siku moja. Alipokuja Dar kutibiwa magoti, mke wangu akasema safari hii mama harudi bila kuiona. Tukawa wanne: mimi, mke wangu, mama, na binti wa shemeji yangu aliye kidato cha tatu.

Msidhani nilikurupuka. Nilikaa wiki nzima nikipiga hesabu. Kunduchi nilianza nayo kwa sababu iko hapa hapa mjini. Watu wengi wa Dar wanaenda Kunduchi kuogelea na kula mishikaki, hawajui kwamba jirani na pale kuna gofu la msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyokuwa yamepachikwa vyombo vya Kichina. Ni nauli ya daladala tu. Mama akacheka, akasema hiyo tutaenda Jumapili baada ya ibada.

Kaole ndiyo niliyokuwa naijua vizuri. Unapanda basi Makumbusho, unashuka Bagamoyo, unachukua bajaji kilomita kama 5, umefika. Misikiti miwili, ule wa zamani zaidi ukihesabiwa karne ya 13, makaburi yake, kisima chake cha maji baridi karibu kabisa na bahari, na mbuyu mkubwa ambao kila mgeni lazima auzunguke. Nilienda mwaka juzi na watoto. Kijana anayeongoza wageni pale alituzungusha saa mbili nzima, hakutazama saa hata mara moja. Tulirudi Dar jioni tumekula pweza na pesa imebaki. Kumbukeni hizo saa mbili.

Ila mama alitaka Kilwa. Kwa Kilwa, ukitokea Dar kwa barabara, uko mbele ya mambo mawili. Ama ujiendee mwenyewe kwa basi, kama kilomita 300 hivi: Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa, Somanga, unakata kushoto Nangurukuru hadi Kilwa Masoko. Kule unakata kibali na kulipa kiingilio kabla ya kuvuka, unachukua mwongozaji wa pale, unaelewana na nahodha. Ama ununue pakeji Dar, wao wafanye yote hayo.

Nilichagua pakeji kwa sababu ya magoti ya mama. Na kwa sababu ya picha, niseme ukweli. Kwenye tangazo lao waliweka picha ya bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa, gofu la jumba la kale pale kisiwani, limepigwa kutoka juu, bahari inaonekana kwa chini. Mama alipoiona alinyamaza, kisha akasema, "Hili bwawa ndilo nilikuwa nawaambia wanafunzi." Ningefanya nini hapo? Nikalipa.

480,000 kwa kichwa, siku 2 usiku 1, "kila kitu ndani". Nikamuuliza yule dada wa ofisini anichanganulie, kiingilio ni kiasi gani, boti kiasi gani, hoteli kiasi gani. Akanijibu kwa tabasamu: "Kaka, hiyo ni pakeji, haivunjwi."

Haivunjwi! Wakuu, mkiambiwa neno hilo, chukueni pochi zenu muondoke.

Safari ilikuwa ianze saa 11 alfajiri. Tulitoka Dar saa 3 asubuhi, kwa sababu gari lilizunguka kuokota wateja wengine watano Tegeta, Mbezi na sijui wapi tena, na ilipofika Mbagala foleni ilikuwa imeshaamka. Somanga tukasimama kula, kwa pesa yetu, maana "kila kitu ndani" kumbe chakula cha njiani hakimo. Kilwa Masoko tumeingia saa 10 jioni. Tukaambiwa kuvuka ni kesho. Hoteli ya ufukweni ya kwenye tangazo ikageuka gesti ya mtaani, feni inalia kama cherehani. Hilo nalo tulivumilia, mama alisema gesti ni gesti.

Jioni ile nilitembea hadi ufukweni nikamkuta nahodha wetu, mzee mtaratibu sana. Akaniambia kesho maji yanajaa mapema, tukiwa baharini saa 1 asubuhi anaweza kutupeleka kwanza moja kwa moja hadi Husuni, mama asitembee sana, kisha ndiyo turudi kwenye magofu ya mjini. Nikamshukuru. Nikamwambia dereva, ambaye kumbe ndiye pia mwongoza watalii wa kampuni. Akasema, "Kaka, kifungua kinywa ni saa 2, ratiba ni ratiba."

Ratiba ya nani? Maji ya bahari hayajui kifungua kinywa. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mtu anayeuza safari ya kisiwani bila kutazama jedwali la maji ni sawa na anayeuza tiketi ya treni bila kujua inaondoka saa ngapi.

Tumevuka saa 4. Tumeteremka karibu na Gereza, ndilo jina la gofu la ngome ya pale. Kazi ya kwanza ya dereva ikawa kumwambia yule kijana mwongozaji wa kisiwani, nimemsikia kwa masikio yangu, "Fupisha bwana, saa 6 tuwe barabarani." Kijana wa watu akatutazama kwa aibu. Kisha dereva akashika usukani wa maelezo mwenyewe. Akatuambia jengo lile walilijenga Wareno kwa ajili ya kufungia watumwa.

Mama akashusha mkongojo. "Baba, Wareno walifika hapa mwaka 1505 wakajenga ngome, mwaka 1512 wakaondoka. Hili unaloliona sehemu kubwa ni la Waomani, la karne ya 19. Na hilo neno gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa." Kijana mwongozaji akapiga makofi. Dereva akavaa miwani ya jua.

Msikiti Mkuu tulipewa dakika 20. Ndugu zangu, ule si mahali pa dakika 20. Sehemu ya kale ni ya karne ya 11, kisha karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman ukapanuliwa, zikaongezwa kuba na matao, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukisimama katikati unaona safu za nguzo zinakimbia pande zote na mwanga unaanguka kwa vipande. Mama aliweka kiganja kwenye nguzo akakaa hivyo hivyo. Akamwambia binti kwamba yule msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alimkuta sultani huyo huyo, na kwamba sarafu yenye jina lake imeokotwa Great Zimbabwe, mbali kule ilikokuwa inatoka dhahabu. Binti alikuwa anaandika kwenye simu. Dereva akapiga filimbi. Filimbi, wakuu, kama anachunga mbuzi.

Msikiti mdogo wa kuba tumeupitia kwa mwendo wa kuwahi basi. Makutani, gofu la jumba la masultani, tumeiona kwa mbali. Nikauliza, Husuni Kubwa je?

"Hiyo haipo kwenye ratiba. Ni mbali, na maji yanakupwa."

Ipo kwenye picha lakini haipo kwenye ratiba. Ni mwendo wa kilomita kama mbili kuelekea mashariki. Kwa mama haiwezekani kwa miguu, kwa boti ilihitaji maji ya asubuhi tuliyoyaacha tukisubiri mayai na chai. Jumba lenye vyumba zaidi ya 100, bwawa tulilolilipia, liko kisiwa hicho hicho, na sisi tunarudishwa kwenye boti. Nahodha hakusema kitu, alinitazama tu. Mama alipokaa botini alisema, "Nimefundisha Kilwa miaka 31, nimeiona dakika 50." Hakusema kwa hasira. Mke wangu alilia, mimi nilitamani kumtupa mtu majini.

Na Kilwa Kivinje, iliyoandikwa kwenye tangazo "mji wa kihistoria"? Pale ndipo pana kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyewapinga, mwaka 1895. Dereva alipunguza mwendo njia panda, akanyoosha kidole dirishani: "Kivinje iko huko." Tayari tumetembelea.

Sasa niwaeleze kilichonichoma zaidi. Tukisubiri boti ya kurudi tulikutana na familia ya Temeke, watu watano, wamekuja wenyewe kwa basi. Nauli yao haikufika 30,000 kwa kichwa kwenda. Walilala gesti ya hadhi ile ile yetu, usiku 2. Walivuka alfajiri, Husuni wameiona, wamekaa chini ya mti wamekula maandazi na kijana mwongozaji anawasimulia. Yule baba alikuwa na daftari, akanionyesha: yote pamoja ilikuwa inaelekea 640,000. Watu watano! Sisi wanne 1,920,000, na bado tulijinunulia samaki Somanga.

Niliporudi Dar niling'ang'ania mpaka pakeji ikavunjika. Wakaniletea karatasi. Kiingilio na vibali, 95,000 kwa kila mtu. Binti alikuwa amepiga picha risiti ya serikali pale Kilwa Masoko, ile yenye namba ya malipo, na kiingilio chetu sisi wanne kwa jumla hakikufika hata nusu ya hiyo 95,000. Mtanzania hulipa kidogo, mgeni wa nje hulipa zaidi, hilo linajulikana. Sisi tulitozwa kama wageni ndani ya nchi yetu, na tofauti haikwenda serikalini wala kisiwani. Chini kabisa palikuwa na "uratibu", 60,000. Uratibu upi, wa filimbi?

Sisemi pakeji zote ni wizi. Mtu mwenye mzee, au mgeni asiyejua Kiswahili, au mwenye siku mbili tu za likizo, anaweza kuihitaji. Lakini msiulize kuhusu gari na hoteli kama nilivyofanya mimi. Ulizeni tutakuwa kisiwani saa ngapi kwa jumla, na Husuni Kubwa imo au haimo, iandikwe. Ulizeni siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Wakikosa jibu, mmeshajua. Songo Mnara, nayo yenye magofu, ni kisiwa kingine kabisa, kwa hiyo akikuambia mtagusa vyote kwa asubuhi moja anakudanganya. Na risiti ya kiingilio iwe ya jina lako.

Kisiwa chenyewe sikilaumu hata kidogo, wala kijana mwongozaji, wala nahodha. Magofu yale yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, bahari inakula fukwe na kuta zinaanguka, watu wakafanya kazi ya kuzijenga upya hadi yakatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Miaka 10 ya jasho, halafu anatokea mtu na filimbi.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Mkuu unayesema mimi ni bahili na ningekaa kwangu, soma tena, nimelipa karibu milioni 2. Bahili angeenda kwa basi na angeiona Husuni.

NYONGEZA YA PILI: Wamenipigia. Pesa hawarudishi, ila wananipa punguzo la asilimia 10 nikiwapeleka familia Mikumi. Nimekata simu.

Mama yeye ameshaamua. Anataka kurudi kwa basi la Mbagala, usiku 3, wakati wa bamvua ili maji yawe ya kutosha, na safari hii Songo Mnara imo. Kwa hiyo anayemjua nahodha wa Kilwa Masoko mwenye boti ya mashine na majaketi ya kuokolea, anayekubali kusubiri, aniandikie kwa ujumbe wa ndani. Awe na subira. Abiria wake mmoja anatembea kwa mkongojo na ana maswali mengi.