Muvi nilizolipia zimefungwa, sidii hamuuzi tena: wenye tasnia ya Bongo muvi mnataka tununue nini?

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha, sasa naliweka hadharani. Leo hii hapa Dar ukitaka kununua muvi ya Kibongo kihalali, iwe mali yako, uitazame utakapo na umpelekee mama yako naye aitazame, hupati. Sidii mmeziondoa madukani. Hiyo digitali mliyotuambia ndiyo mbadala wake ni kukodishiwa kwa bei ya kununua, tena bila kuambiwa mwisho wa kukodi ni lini.

Kuna aplikesheni moja ya hapa hapa mjini. Jina silitaji kwa sasa kwa sababu nataka wanijibu kwanza kwa maandishi. Ilipigiwa promo na wasanii wakubwa, mabango yakajaa barabarani. Unachagua muvi, unalipia kwa simu, meseji ya malipo inaingia, muvi inakaa kwenye orodha yako. Nikalipia kadhaa, nyingi vichekesho vya marehemu King Majuto, maana mama yangu yupo Mbagala na hakuna mtu anayemchekesha kama yule mzee. Nikazipakua zote kwa bando langu mwenyewe ili akitaka kutazama asihangaike.

Juzijuzi nimebadilisha simu. Naingia kwa namba ileile na nenosiri lilelile, orodha tupu. Narudi kwenye simu ya zamani, muvi zipo, zimekula nafasi kama kawaida, ila nikibonyeza linakuja bango jeusi: "Maudhui haya hayapatikani kwa sasa." Yaani faili lipo mkononi mwangu, nimelilipia, nimelipakua kwa MB zangu, na halifunguki.

Nikawaandikia WhatsApp. Jibu likaja: "Mpendwa mteja, mkataba wetu na mwenye kazi umefikia ukomo." Nikauliza, na hela yangu je? Tiki mbili za bluu, kimya hadi leo.

Kwa wasiojua mambo haya yanavyokwenda: muvi ya kwenye aplikesheni hata ukiipakua inakuwa imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe unakaa kwenye seva yao. Kila baada ya muda simu inauliza kule kama bado unaruhusiwa. Wakikorofishana na mtayarishaji, wakifilisika, au wakiamua tu kufunga biashara, ufunguo hauji. Hayo hukuambiwa siku unalipa. Siku ile uliambiwa muvi ni yako.

Sasa twende kwa mama. Chini ya meza ya TV yake kuna boksi la sidii tulizokuwa tunanunua Kariakoo, nyingine za enzi za mwigizaji Kanumba, yaani zaidi ya miaka kumi sasa, maana Kanumba alifariki Aprili 2012. Wikiendi nilichomoa moja. Kasha limepasuka kwenye bawaba, kava limepauka. Nimeifuta kwa kanga, nikaiweka kwenye deki ya Kichina, ikacheza mwanzo mpaka mwisho. Hakuna namba ya simu iliyoulizwa wala bando lililoliwa. Aliyeisambaza alishaacha biashara hiyo kitambo, na muvi bado ni ya mama.

Najua watakuja wa kusema sidii zinakwaruzika. Kweli zinakwaruzika. Na zilikuwa na maudhi yake: muvi moja inakatwa Part 1 na Part 2 ulipe mara mbili, na sauti ilikuwa inapanda na kushuka mpaka unakaa na rimoti mkononi. Lakini tutofautishe. Sidii original ilikuwa inagongwa kiwandani, igeuze chini utaiona ina rangi ya fedha. Zile za kuchomwa mtaani kwa kompyuta zina rangi ya zambarau chini kwa sababu data imeandikwa kwenye wino maalumu, na wino huo unachakaa kwa joto na mwanga. Wengi waliosema sidii hazidumu walinunua hizo za kuchoma. Ya kiwandani ukiitunza kwenye kasha lake inakaa miaka na miaka.

Nimezunguka Kariakoo kutafuta. Aggrey, Msimbazi, mpaka vichochoro vya ndani kule. Deki zinauzwa bado, sidii za Bongo muvi hakuna. Jibu kila duka ni hilohilo: "Lete flashi bro, nikurushie."

Hapo ndipo ninapochemka kabisa! Mimi natembea na hela ya kununua halali, mtaa mzima unanielekeza kwenye wizi. Kwenye kibanda kile narushiwa muvi kumi kwa hela ya chai, na familia ya King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, haipati hata senti. Ubora wenyewe ni aibu. DVD ya tabaka moja inabeba GB 4.7. Muvi niliyorushiwa ilikuwa na MB 300 na ushee, nyuso zimekuwa vibonge, sauti inatoka kama watu wapo ndani ya pipa. Halafu watayarishaji haohao wanakwenda redioni kulia kwamba Watanzania hatununui kazi za ndani. Tununue wapi?

Msinielekeze YouTube. Nimetazama. Muvi imekatwa vipande sita, picha imegeuzwa kushoto kulia ili mfumo usiitambue, nembo ya mtu asiyehusika imebandikwa usoni mwa msanii. Na lazima uwe na bando kila unapotazama. Mei 2024 mikongo ya baharini inayotuletea intaneti, EASSy na SEACOM, ilipokatika, nusu ya mji hata meseji za WhatsApp hazikwenda. Wenye sidii siku zile walitazama.

Na tusidanganyane kwamba ndivyo dunia ilivyo, mteja hana la kufanya. Desemba 2023 Sony walitangaza kwamba vipindi vya chaneli za Discovery ambavyo watu walivinunua kupitia duka la mtandaoni la PlayStation vitafutwa mwisho wa mwezi. Watu wakawaka, na kabla mwezi haujaisha wakatangaza kwamba havifutwi, vitabaki walau miezi 30. Ingawa hata hiyo miezi 30, kwa mtu aliyelipia kununua, mimi naiona ni dharau. Kule California, tangu Januari 1, 2025 kuna sheria: ukimuuzia mtu muvi ya digitali ambayo unaweza kumnyang'anya baadaye, lazima umwambie wazi kabla hajalipa. Ukimpa faili analipakua na kubaki nalo moja kwa moja, bila kutegemea mtandao, sharti hilo halikuhusu.

Hicho ndicho ninachotaka, na si kikubwa. Mtayarishaji unayesoma hapa, niuzie faili lisilo na kufuli. Nitalipa zaidi ya bei ya sidii, nitaliweka kwenye flashi yangu na kumpelekea mama. Ukiogopa litasambazwa, kumbuka limeshasambazwa, kila kibanda kinalo, asiye nalo ni mteja wako mwaminifu peke yake. Au toeni sidii kwa oda, watu waweke hela kwanza, mkifikisha idadi mnagonga. Kama vyote hamviwezi, basi andikeni kwenye aplikesheni zenu kabla mtu hajaingiza namba ya siri: unakodi, na ni mpaka tarehe fulani.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, kwa hiyo nimeanza kuandika barua ya kwenda Tume ya Ushindani. Kama nawe ulilipia muvi kwenye aplikesheni yoyote ya ndani ikafungwa, usifute meseji ya malipo. Piga picha ya kioo inayoonyesha muvi haifunguki, ziba namba yako, uiweke hapa chini ya uzi. Nataka viambatanisho viwe vingi kabla sijaipeleka.