Kinga ya meno inaanguka nikikimbia, nifanyeje kabla ya Jumamosi?

Kijana_wa_Kangemi: Wadau, habari za jioni. Nachezea raga timu ya mtaa. Nimenunua kinga ya meno ile ya kuchovya kwa maji moto kisha unaiuma. Nimerudia na bado inalegea, nikimwita mwenzangu inaanguka. Jumamosi tuna mechi. Niichemshe zaidi ama ninunue nyingine?

Mzee_wa_Umoja: Sisi tulicheza Ngong Road bila hizo plastiki na meno yangu yote ninayo. Isipokuwa mawili. Vijana mmedekezwa.

Bishano_Tu: Mzee, New Zealand, wenye raga yao, waliifanya lazima mwaka 1998. Nao wamedekezwa?

MamaWawili: Binti yangu anacheza hoki City Park. Ya dukani aliitafuna hadi ikaisha, tukaenda kwa daktari wa meno akamtengenezea inayomkaa. Ile ya kwanza nilimkuta nayo mbwa wa jirani, na huyo jirani hata salamu hatupeani sasa.

Nesi_Buruburu: Usiichemshe tena, inazidi kuwa nyembamba na haitakinga kitu. Lakini mbona isishike? Una pengo, ama una waya?

Kijana_wa_Kangemi: Meno yako sawa.

Nesi_Buruburu: Nimeuliza waya.

Kijana_wa_Kangemi: Iko kidogo. Jino la mbele liling'oka wiki jana mazoezini, daktari akalirudisha, akalifunga na majirani zake. Alisema nipumzike, lakini yeye hachezi raga. Kocha nimeshamwahidi, na wa akiba anachechemea.

Nesi_Buruburu: Kumbe unauma plastiki ya moto juu ya waya! Ikishika, utaivuta itoke na jino. Rudi kwa daktari kesho, na Jumamosi kaa benchi.

Mchungaji_Kasarani: Mwili ni hekalu, kijana. Ahadi ya kocha isikupeleke pabaya.

Bishano_Tu: Ngojeni kwanza. Jino ling'oke, lirudishwe, lishike? Huyu anauza kinga. Kesho mtaona nambari ya simu hapa.

Nesi_Buruburu: Hurudishwa, tena ukiwahi ndani ya nusu saa ndiyo bora. Unalishika upande wa juu, si mzizi, unaliweka kwa maziwa lisikauke.

Kijana_wa_Kangemi: Maziwa yangetoka wapi uwanjani? Nililiweka ndani ya shavu.

Bishano_Tu: Na foleni ya Waiyaki Way ukaipita vipi?

Kijana_wa_Kangemi: Boda.

MamaWawili: Boda, matuta, na jino shavuni! Mimi ningelimeza.

Mzee_wa_Umoja: Kwani yangeweza kurudishwa? Yangu niliyatupa palepale uwanjani.

Bishano_Tu: Sawa, si muuzaji. Lakini hiyo kinga ulinunua pesa ngapi?

Kijana_wa_Kangemi: Mia tano, na hairudishwi, ndiyo maana nauliza. Nesi, nikicheza winga je? Huko hawanikabi sana.